Hewa Nayo Huinama

Hii ni hotuba niliyoitoa katika ua wa Ngome ya Lamu, kati ya Maghribi na Isha, mbele ya jamaa, walimu na wanafunzi. Wengi hawakuwahi kufika, wakaniomba niwaandikie. Nimeiweka kama nilivyoisema. Picha nilizoangazia ukutani nimeziacha. Hazikuwa na lolote lisilosemeka.

Assalamu alaykum.

Masharifu, wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojipanga kule mlangoni ili mkichoka mtoroke: shikamooni nyote, na marahaba kwa wanaonidai.

Nitaanza na redio ya babu. Babu yangu alikuwa na redio ya betri, kubwa kama debe la biskuti, imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko cha nyuma kilipotea zamani. Kila usiku alipanda nayo darini, chini ya makuti, akaizungusha. Siku nyingi alipata zilezile za kila siku. Lakini palikuwa na siku, hasa wakati wa malelezi, upepo umetulia na bahari imelala kama mafuta kwenye sinia, redio ile ikaanza kuzungumza kwa sauti za ugenini. Stesheni za FM za Mombasa, zisizofika huku kwa desturi, zikaingia wazi kama zinatangazwa nyumba ya pili. Usiku mmoja ikaingia lugha ambayo nyumba nzima hakuna aliyeijua. Babu akainua kidole: "Yeo bahari imefungua ndia."

Kesho yake mnara ni uleule, redio ni ileile, betri ni zilezile. Unazungusha, unasikia mchanga tu. Njia imefungwa.

Nikamwuliza, babu, nani huifungua? Akasema, "Hewa." Nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shule ilikwisha kunifundisha kwamba hewa ni kihami, haipitishi umeme, basi, funga daftari. Hewa itafungua nini?

Nimekuja usiku huu kumwomba babu radhi, Mungu amrehemu. Mnivumilie, kwa sababu radhi yenyewe ina safari ndefu: itapita Maulidini, itapita gatini, itafika hadi Malindi, ndipo irudi darini.

Swali ni hili. Ukiiweka hewa mbele ya umeme, hewa hufanya nini? Nawasikia: haifanyi kitu. Haipitishi. Ni kweli haipitishi. Lakini kutopitisha ni jambo moja, na kutofanya kitu ni jambo jingine. Mlinzi wa mlango hakupitishi, lakini amekuona, na amejikunja kidogo ulipomkaribia.

Nyote mmeliona goma la Maulidi. Wengine humu mmelicheza. Wanaume wamepanga safu, kanzu nyeupe, kila mmoja na bakora yake. Ngoma inapiga. Safu nzima inainama kuume, kidogo tu, kwa adabu, inarudi, inainama kushoto. Nawauliza: kuna aliyeondoka mahali pake? Hakuna. Kuna aliyehamia kwa mwenziwe? Hakuna. Lakini mtu aliyeketi darini anayeitazama safu kutoka juu ataona kitu: mwisho wa kuume umetokeza nje kidogo, na mwisho wa kushoto umeingia ndani kidogo. Safu imekwenda, na hakuna aliyekwenda.

Sasa waya wa shaba si goma. Waya wa shaba ni Ijumaa baada ya sala: milango ikifunguliwa, watu wanatoka. Elektroni za shaba zina ruhusa ya kutembea. Elektroni za hewa hazina. Kila moja imefungwa kwenye atomu yake au molekuli yake. Lakini kufungwa si kufa. Huinama.

Chukua mabamba mawili ya chuma, yatazamane, yasigusane. Moja ulitie chaji chanya, jingine chaji hasi. Nafasi iliyo kati yao haiko huru tena. Chochote chenye chaji ukikitia hapo kitasukumwa. Mvuto huo uliotanda kati ya mabamba ndio uga wa umeme, na ndio ngoma ya goma letu. Ndani ya kila atomu kuna kiini chenye chaji chanya, na kimezungukwa na wingu la elektroni zenye chaji hasi. Uga ukija, kiini kinasukumwa kuelekea bamba hasi, wingu linavutwa kuelekea bamba chanya. Hawaachani. Wanavutana wenyewe kwa wenyewe kwa nguvu kuliko uga unavyowavuta. Ila pale walipokuwa wamekaa katikati sawasawa, sasa mmoja amesogea upande. Atomu iliyokuwa haina upande sasa ina upande chanya na upande hasi.

Vitabuni jambo hili huitwa polaraizesheni. Ni neno refu na Isha iko karibu. Sisi tutaliita mwinamo.

Inasogea kiasi gani? Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo akili ya mtu inapokataa. Tuchukue atomu ya haidrojeni, nyepesi kuliko zote. Tuitie katika uga mkali kabisa, volti milioni 3 kwa kila mita. Sikuuchagua ovyo: hapo ndipo hewa ya kawaida inaposhindwa kuvumilia na cheche ikaruka. Ukali zaidi ya huo hewa haikubali. Sasa tuikuze atomu hiyo mpaka iwe pana kama kutoka hapa tulipo hadi Shela, kilomita 3 hivi. Kiini chake, hapo katikati, kitakuwa kama ndimu. Na wingu lote hilo, lenye upana wa kutoka Lamu hadi Shela, litakuwa limesogea kiasi gani? Upana wa ndimu. Haupungui sana, hauzidi.

Kijiji kizima kimesogea upana wa ndimu, na hapo ndipo hewa ilipo ukingoni mwa kupasuka.

Ni kidogo. Lakini si sufuri. Mtanisikia nikiyarudia maneno haya mpaka mnichoke: ni kidogo, lakini si sufuri. Kwa sababu atomu si moja. Kipande cha hewa ya Lamu chenye sentimita 1 kila upande, kama dadu ya kuchezea, kina molekuli zinazokaribia 24 ikifuatwa na sufuri 18. Zote zimesikia ngoma, zote zimeinama.

Je, nani aliuona mwinamo wa gesi kwanza? Si yule ambaye angestahili. Yule ni Michael Faraday, Mwingereza, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Mafundi wenzangu, huyu ni wetu. Hakuwa na hisabati nyingi. Alikuwa na mikono. Mwaka 1837 alitengeneza vyombo viwili vinavyofanana: tufe la shaba nyeupe ndani ya tufe jingine la shaba nyeupe lililo wazi ndani, na nafasi kati yao. Akikitia chaji chombo kimoja kisha akikigusisha na cha pili, chaji hugawanyika nusu kwa nusu, kama ndugu wawili waliorithishwa vizuri. Lakini akiijaza nafasi ya kimoja kwa kioo, au salfa, au ile lakiri ya kupigia mihuri, chombo hicho huchukua zaidi ya nusu. Kilichomo ndani kimeinama, na mwinamo wake umepunguza msukumo, kwa hiyo chaji nyingi zaidi inaweza kuingia.

Faraday akasema, sasa nijaribu gesi. Akajaribu hewa, akajaribu gesi moja baada ya nyingine, akajaribu hewa nyingi na hewa haba. Hakuona tofauti. Gesi zote kwake zilikuwa sawa, na zote sawa na utupu.

Alikosea? Mimi nasema hapana. Aliandika alichokiona, na chombo chake hakikuweza kuona zaidi. Fundi mwaminifu huandika "sikuona," haandiki "hakipo." Nimefundisha wanafunzi miaka mingi na kuwafunza tofauti ya maneno hayo mawili ni kazi kuliko kuwafunza hesabu.

Ikapita miaka 37. Mwaka 1874, Mwaustria Ludwig Boltzmann akaweka mabamba ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Pima. Vuta hewa kwa pampu. Pima tena. Rudisha hewa, pima tena. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na huyu aligaagaa hasa. Na akapata. Mabamba yakiwa katika utupu, tuseme yanabeba pishi 10,000 za chaji. Yakiwa na hewa, betri ileile, yanabeba 10,006.

Pishi 6 katika 10,000! Mwenye duka la nafaka hapo Mkunguni hatazigombania. Boltzmann alizigombania. Haidrojeni ikampa pishi 2 na nusu. Kaboni dioksaidi ikampa 9 na kitu. Kwa hiyo gesi si sawa, na hakuna iliyo sawa na utupu. Kila moja ina kiasi chake cha kuinama. Heliamu tunayojazia mapulizo ya harusi ndiyo bahili wao: haifikishi hata pishi 1, kwa sababu elektroni zake mbili zimekumbatiwa na kiini hazina nafasi. Agoni, mwenye elektroni 18, zile za nje zimekaa mbali na kiini, huinama mara 8 ya heliamu.

Lakini kilichomfurahisha Boltzmann zaidi hakikuwa pishi. Miaka michache nyuma, mwaka 1865, James Clerk Maxwell alikuwa amedai jambo la kuchekesha: kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Kama ni kweli, basi hewa inayoinama kwa betri lazima iinamie mwanga pia, na mwinamo huo ndio unaouchelewesha mwanga. Na hesabu yake ilitoa amri: namba ya kupunguka kwa mwendo wa mwanga, uizidishe kwa yenyewe, upate namba ya mabamba. Tujaribu pamoja. Mwanga ndani ya hewa huenda polepole kuliko katika utupu kwa kiasi cha 1.00029. Izidishe kwa yenyewe. Nani ana simu hapo? ... Naam, 1.00058. Na mabamba ya Boltzmann yalisema 1.0006 kasoro kidogo.

Mmoja alipima kwa kioo na mwanga, mwingine kwa mabamba na betri, na wamekutana. Mimi nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza chuoni nilinyanyuka nikazunguka chumba. Mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata barua ya nyumbani.

Nipumzike kidogo niwaambie kioja. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliwaahidi watoto wa kidato cha pili kwamba nitawaonyesha mwinamo kwa macho. Kitana cha plastiki, kisugue kwa kitambaa cha sufi, kikaribie vipande vya karatasi, karatasi zinaruka. Jambo rahisi, liko katika kila kitabu, na kitabu kimeandikwa na mtu wa nchi kavu. Nikasugua. Nikasugua tena. Karatasi zimelala kama zimelipwa. Huku kwetu unyevu hulivaa kila kitu, hata kitana kina utando wa maji usioonekana, na chaji huteleza juu yake ikakimbilia mkononi mwako kabla hujafika mezani. Msichana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, hewa ya huku imekwisha kushiba." Darasa likavunjika. Sikumjibu siku ile. Lakini alikuwa amegusa jambo kubwa kuliko kitana changu, na ndilo ninaloliendea.

Kwa sababu hesabu ya Maxwell, iliyokubali kwa hewa, iligoma kwa maji. Mwanga ndani ya maji hutoa 1.33. Zidisha kwa yenyewe, 1.77. Sasa weka maji kati ya mabamba, upime kwa betri: 80! Si kosa la pishi mbili tatu. Ni maji mengine kabisa. Mvuke wa maji nao, katika gesi, ulikuwa mkaidi vivyo hivyo: unainamia betri mara nyingi zaidi kuliko unavyouinamia mwanga. Kwa nini?

Hapa twendeni gatini.

Kesho alfajiri, kabla boti za injini hazijaanza, simameni gatini mtazame vyombo vilivyotia nanga. Maji yanapwa. Mashua zote zimeelekeza omo upande mmoja, zimepangika kama jamaa nyuma ya imamu. Hakuna aliyezipanga. Mkondo umezigeuza. Na boya je? Boya la duara linaelea hapohapo, mkondo unalipita, wala hujui limeelekea wapi, kwa sababu halina omo wala tezi.

Molekuli ni hivyo. Ziko za boya na ziko za mashua. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, ni maboya: zina pande mbili zinazolingana, hazina omo. Uga ukija zinainama tu, wingu linasogea upana wa ndimu, basi. Lakini molekuli ya maji imezaliwa na omo na tezi. Oksijeni iko katikati, haidrojeni mbili zimetoka kwake kwa pembe ya nyuzi 104.5, zimeinuka kama masikio ya sungura. Oksijeni huvutia elektroni kwake. Kwa hiyo upande wa oksijeni ni hasi, upande wa masikio ni chanya, daima, hata pasipo uga. Uga ukija, haiinami tu. Inageuka.

Aliyelifumbua hili ni Mholanzi Peter Debye, mwaka 1912, akiwa hajatimiza miaka thelathini. Na alilifumbua kwa swali ambalo nahodha yeyote angeliuliza: bahari ikichafuka, je?

Maana rudini gatini saa nne asubuhi. Boti za injini zinapita huku na huko, mawimbi yanapigana, mashua zinatikisika, omo hii huku, omo ile kule. Mkondo ni uleule wa alfajiri, lakini mpango umevurugika. Katika gesi, mvurugaji huyo ni joto. Molekuli zinagongana mabilioni ya mara kila sekunde. Uga unasema, geuka. Joto linasema, zunguka. Na joto lina nguvu zaidi, tena sana. Katika ule uga wetu mkali wa cheche, ukichukua molekuli elfu moja za mvuke ukajumlisha mielekeo yao yote, ni kama molekuli 1 na nusu tu zimegeuka kikamilifu na nyingine zote zinacheza chakacha.

Ni kidogo, lakini si sufuri. Na Debye akaona kitu: kidogo hicho kinategemea joto. Pasha gesi moto ndani ya chombo kilichofungwa. Ikiwa ni gesi ya maboya, mwinamo haubadiliki, kwa sababu wingu la elektroni halijali mgongano. Ikiwa ni gesi ya mashua, mwinamo unapungua kadiri joto linavyopanda. Basi ukipima kwa joto mbalimbali, utaweza kuzitenganisha hesabu mbili: kiasi hiki ni cha kuinama, kiasi hiki ni cha kugeuka.

Na hapo, ndugu zangu, kwa mabamba mawili na jiko, watu wakaanza kujua umbo la kitu wasichoweza kukiona. Kaboni dioksaidi ina oksijeni mbili na kaboni moja. Imepinda au imenyooka? Ipashe moto. Haibadiliki: ni boya, imenyooka, pande mbili zinafutana. Maji? Yanapungua: ni mashua, yamepinda. Amonia? Mashua. Methani inayowaka katika majiko ya biogesi? Boya. Mwaka 1936 Debye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na kipimo cha ukubwa wa omo na tezi hizo kikaitwa kwa jina lake hadi leo. Maji yana debai 1.85.

Na kwa nini mwanga haukuliona hili? Kwa sababu mwanga hubadilisha upande mara milioni milioni 500 kwa sekunde. Hakuna mashua inayogeuka kwa mwendo huo. Kabla haijaanza kusogea, mkondo umekwisha kugeuka. Wingu la elektroni ni jepesi, linaweza. Molekuli nzima haiwezi. Lakini mawimbi ya redio ya FM hubadilika mara milioni 100 tu kwa sekunde, na hapo mashua ya maji ina wasaa. Kwa mwanga, mvuke ni gesi kama gesi nyingine. Kwa redio, mvuke ni mfalme.

Mnaanza kumwona babu?

Kabla sijarudi darini, nipite Malindi. Kule Ngomeni, Waitalia wana kituo cha anga tangu miaka ya 1960. Kutoka jukwaa lao baharini ilirushwa setilaiti ya kutafuta miale ya eksi angani, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Ilibeba masanduku ya gesi yenye uga wa umeme ndani: mwale ukiingia, gesi haiinami, inavunjika, elektroni zinatoka, na kila mvunjiko unahesabiwa. Hilo ni somo jingine. Urushaji wa mwisho ulikuwa mwaka 1988, lakini antena zingali zinazungumza na setilaiti. Na kila ishara inayoshuka kutoka angani lazima ipite ndani ya hewa inayoinama.

Ikitoka utosini moja kwa moja, hewa kavu peke yake huichelewesha kana kwamba njia imerefuka mita 2 na sentimita 30. Mvuke huongeza makumi ya sentimita juu yake. Wavuvi mnaotumia simu kurudi kwenye mwamba uleule wa changu, mita hizo ni zenu pia. Simu inazipunguza kwa makadirio, nyinyi hamjui tu. Ile ya hewa kavu ni rahisi kuikadiria, pima mgandamizo tu. Ya mvuke ndiyo sumbufu, inabadilika na saa. Lakini wataalamu wa hali ya hewa wameigeuza kero kuwa kipimo: wanapima ucheleweshaji, wanajua mvuke uliomo angani, wanajua mvua iliyo njiani.

Sasa hesabu ya hewa ya Lamu. Joto nyuzi 28, unyevu asilimia 80, usiku wa kawaida kabisa. Katika kila molekuli 100 za hewa hiyo, za mvuke ni 3. Tatu tu! Lakini ukiuliza ni nani anayelichelewesha wimbi la redio, hewa kavu yote, molekuli 97, inafanya sehemu 260 za milioni. Zile 3 zinafanya sehemu 124.

Tatu katika mia, na theluthi ya kazi. Yule msichana aliyesema hewa ya huku imeshiba, huu ndio mshibo wenyewe.

Basi wimbi linaloingia mahali pa kuchelewa hupinda, kama safu ya watu wanaotembea, upande mmoja umekanyaga tope. Chini baharini hewa imejaa mvuke, juu imekauka. Wimbi la kutoka mnarani, upande wake wa chini unachelewa, wa juu unatangulia, kwa hiyo linapinda kuelekea chini. Siku nyingi linapinda kidogo tu, kisha dunia inajikunja chini yake, wimbi linapaa zake. Ndiyo maana Mombasa haifiki.

Lakini dunia inajikunja kiasi gani? Nusu kipenyo yake ni kilomita 6,370. Gawanya 1 kwa 6,370: sehemu 157 za milioni kwa kila kilomita. Hewa ikipungua uzito wake wa redio, yaani zile sehemu za milioni za kulichelewesha wimbi, kwa zaidi ya hapo kila kilomita unayopanda, wimbi linapinda kuliko dunia inavyopinda. Haliwezi kupaa tena. Linagota, linashuka, linagusa bahari, linaruka, linagota tena, kama mpira chini ya ngazi. Kawaida hewa hupungua 40 hivi. Ili kufika 157 inatakiwa kitu kikali: tabaka la mvuke mzito limekalia bahari, na juu yake, ghafla, hewa kavu. Upepo mkali wa kusi huzikoroga tabaka hizo zikachanganyika. Upepo ukilala, bahari kama mafuta kwenye sinia, tabaka hukaa moja juu ya jingine kama mikate ya sinia dukani, na kati ya tabaka na bahari pana njia.

Njia ndefu kutoka Mombasa hadi darini kwa babu. Kuta zake ni molekuli za maji zinazogeuka kwa kiasi kidogo kuliko hata ile 1 na nusu katika elfu niliyowaambia, kwa sababu uga wa redio ni dhaifu mno mbele ya ule wa cheche. Dhaifu, lakini kila molekuli imegeuka kwa kipimo chake.

Nilimwuliza nani anaifungua, akasema hewa, nikacheka.

Nilikuwa na jambo jingine juu ya laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, kwa nini huvuma usiku wa unyevu, na juu ya ile gesi ya salfa na florini wanayoijaza kwenye swichi za umeme mkubwa, inayozuia cheche vizuri kuliko hewa, lakini ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 ya kaboni dioksaidi. Vijana wa umeme waliniomba niiguse. Lakini naona mzee pale anatazama saa, na muadhini amekwisha kukohoa kwenye kipaza sauti. Maswali tutayajibu barazani baada ya sala. Na aliye na redio ya zamani nyumbani, malelezi yakifika, apande nayo juu kisha anipigie simu aniambie amepata wapi.